Mpya Inang'aa

Wazazi wenzangu wa Mkomaindo, msibabaishwe. Mtoto akijiunga na bendi akataka klarineti, mnunulieni mpya, ya bei ya chee, ya plastiki, ingali ndani ya nailoni yake. Mwalimu mstaafu atawaletea ile yake kuukuu ya mpingo, inayodai pedi mbili tatu tu. Ikataeni kwa adabu. Kitu kilichokwisha kuzoea kulia vizuri kitamfundisha nini mtoto?

Mpya ina malezi. Vibonyezo vikipinda wiki ya kwanza, mtoto hujifunza subira. Sauti zisipopatana, hujifunza kuvumiliana. Ikinyamaza kabisa, nyumba nzima inapata usingizi. Angalizo moja: msiipashe moto ili ilie vizuri, kama tufanyavyo ngoma za sindimba. Itayeyuka.

Wapo wabishi watakaotukumbusha kwamba korosho zetu hupangwa madaraja ghalani kabla ya mnada, na mbovu hurudi na mwenyewe. Korosho ni biashara, jamani! Sikio la mtoto halipelekwi mnadani.

Na mpingo tuuache uende zake. Unakatwa huku kwetu kusini, unasafiri hadi Ufaransa na Ujerumani, unachongwa klarineti na obo, unapigiwa makofi kwenye kumbi zenye mazulia. Sisi tunaletewa plastiki inayong'aa, na risiti juu. Huko ndiko kubadilishana uzoefu: wao wamebaki na gogo, sisi tumebaki na boksi. Na boksi letu, nisiwafiche, ni zuri sana.