Ungo Usioonyesha Mpira

Hapa Nzuguni, ukiwa na ungo wa futi sita wewe ni mali ya umma. Jumamosi alasiri watoto wa majirani wameshafika na vigoda vyao. Waambie hauonyeshi mpira uone watakavyokutazama!

Wenyewe umelala karibu chali, umeinamia kidogo kaskazini-magharibi, kwa sababu Es'hail-2, satelaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018, inakaa karibu na utosi wetu. Ndani yake kuna QO-100, chombo cha wapenzi wa redio. Unawasikia Wajerumani wakisalimiana kwenye megahezi 10,489 na ushei, na hakuna cha kifurushi kuisha.

Kinachoniudhi ni LNB, kile kichwa cha ungo kinachopokea mawimbi. Kila boksi sokoni limeandikwa kelele desibeli 0.1. Maana yake kelele ya kifaa ni sawa na joto la kelvini 7, yaani nyuzi 266 chini ya sifuri. Wenye darubini kubwa za redio hupoza vipokezi kwa heliamu ndipo wasogelee huko. Mimi nauziwa juu ya meza, kwenye jua la Dodoma, na bei inapungua!

"Nataka kuipima," nasema. Kijana anaichomeka kwenye king'amuzi, picha inatokea. "Nzima hii, mzee."

Kupima ni kuielekeza kwenye anga tupu usome kelele, kisha kuigeuzia ardhi yenye joto usome tena. Tofauti ikiwa ndogo, ujue inajisikiliza yenyewe. Nyingi nilizonunua zinajipenda sana.

Sasa mvua zimekatika. Mama watoto ameona bati pana, safi, lililo juu kuku wasikofika, akaanika mlenda. Majani mabichi yana maji, na maji yenye joto hupiga kelele masafa yote. Vipimo vikapanda, nikaanza kumlaumu muuzaji.

Wanasayansi Penzias na Wilson, kule New Jersey mwaka 1964, waliwakuta njiwa kwenye antena yao. Wakafukuza njiwa, wakakwangua mavi, kelele ikabaki palepale. Ilikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, nao wakapewa Nobel mwaka 1978. Mimi nimeondoa mlenda, kelele ikashuka mara moja. Kwa hiyo tuzo hakuna. Kuna kesi, na shangazi anashuka stendi kesho asubuhi kuja kuisikiliza.