Imetoka, Haijaingia

Kuna maneno mawili yanayoweza kugombanisha watu waliokaa benchi moja kanisani Jumapili: "imetoka" na "haijaingia". La kwanza husemwa na mteja, simu ikiwa juu. La pili husemwa na keshia, kidole kikiwa kwenye kompyuta. Wote wawili husema kweli, ndiyo maana ugomvi wenyewe hauishi.

Duka ninalolisema liko Kaptagat, kando ya barabara iendayo Nyaru, na jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado hunikopesha sukari. Zamani lilikuwa duka la kawaida lenye kaunta ya mbao, wavu na daftari. Kisha mwenyewe akalipanua. Akaweka rafu, vikapu vya plastiki, kompyuta ya malipo, na kile kidude kinachomulika mistari ya bei na kulia "pii". Tukajiona watu wa mjini. Siku za mwanzo kuna wazee walionunua viberiti kimoja kimoja ili wausikie tu ule mlio.

Kisa chenyewe kilitokea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, shule zikikaribia kufunguliwa. Mbele ya foleni alikuwa kogo mmoja, yaani bibi kwa lugha ya huku, na unga wake, mafuta ya kupikia na madaftari ya wajukuu. Alipotoa simu alipe, ikazima. Keshia, msichana mwenye adabu zake, akasema, "Kogo, lete nikuchajie." Lakini soketi zote zilikuwa zimejaa: kompyuta, mizani, mashine ya risiti, na birika la umeme ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. Kaptagat iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na chai huku si anasa. Keshia akachungulia chini ya meza, akaona plagi ya kisanduku kinachomemeta taa za kijani na kisichoonekana kufanya kazi yoyote. Akaichomoa, akachomeka simu ya kogo.

Simu ikafufuka. Kogo akavaa miwani, akaingiza nambari ya tili ya duka, kisha kiasi, kisha nambari ya siri, akiwa ameifunika kwa leso kana kwamba sisi tuliokuwa nyuma yake tumetoka jela asubuhi ile. Ujumbe ukafika.

"Imetoka," akasema.

"Kogo, haijaingia."

Hapa inafaa nieleze, maana mambo haya watu wengi huyachanganya. Menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini ya simu haihitaji bando wala intaneti. Hupita kwenye mtandao uleule wa simu za kawaida, ndiyo sababu tangu Machi 2007 imewafaa hata wenye vile visimu vya tochi. Hela za kogo zilikuwa zimeshafika kwenye akaunti ya duka. Kompyuta ya duka, kwa upande wake, huulizia malipo kwa njia ya intaneti, na intaneti ilikuwa imechomolewa ili kogo apate kulipa. Kwa hiyo kogo alikuwa amelipa, duka lilikuwa limelipwa, na wenyewe hawakuwa na habari.

Shahidi alikuwa mmoja tu: simu inayopokea ujumbe wa tili. Nayo ilikuwa mfukoni mwa mwenye duka, na mwenye duka alikuwa kwenye harambee Iten, ameinyamazisha kwa heshima ya mgeni rasmi.

Foleni ikafika mlangoni. Sasa, foleni ya Kaptagat si kama ya kwingine. Hapa ndipo penye kambi za wanariadha na njia za udongo anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, aliyemaliza umbali wa marathoni kule Vienna, Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Nyuma yangu walisimama vijana wa kambini waliotoka kukimbia, jasho likianza kuwapoa, na kwa baridi ya huku jasho likikupoa mwilini umejitafutia homa. Basi wakaanza kukimbia papo hapo, kati ya rafu ya sabuni na ya biskuti. Mmoja akaniambia, "Mzee, nishikie nafasi, narudi." Akaingia msituni. Aliporejea, ameloa upya, nafasi yake ilikuwa haijasogea hata hatua. Alinishukuru kwa uaminifu wangu.

Mzee mmoja mwenye noti ya elfu akajitokeza kwa ushindi: yeye analipa taslimu, hahitaji mtandao. Keshia akamsikitikia. Bei zote zimo kwenye programu, na programu yenyewe iko kwenye seva ya mbali. Bila intaneti mashine haijui hata bei ya chumvi.

"Lakini mimi naijua," mzee akasema.

"Wewe unaijua, mzee. Sistimu haijui."

Sote tulikuwa tunaijua bei ya chumvi. Tukasimama pale, kijiji kizima chenye ujuzi, tukisubiri mashine ikumbuke.

Wakati huo wataalamu wa foleni walikuwa wameshaanza kazi. Wa kwanza alisema nyaya za chini ya bahari zimekatika. Usimcheke. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikatambaa Tanzania, Kenya na nchi jirani. Wa pili akasema huenda ni tumbili. Huyu naye usimcheke, kwani tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakosa stima. Kampuni ya umeme ya KenGen yenyewe ndiyo iliyotoa taarifa, na tumbili alinusurika. Mwalimu mstaafu akatuvusha hadi Sweden: Julai 2021, wahalifu wa mitandao walishambulia programu za kampuni ya Kaseya ya Marekani, mashine za malipo zikafa, na kampuni ya maduka ya Coop ikalazimika kufunga maduka yapatayo 800. Na hiyo ni nchi ambako mtu akitoa noti hutazamwa mara mbili.

Bahari, tumbili, wahalifu. Hakuna aliyewaza chini ya meza. Nimeona tunapenda sana sababu za mbali, na siwezi kutulaumu: waya ukikatika Afrika Kusini, hakuna mtu wa Kaptagat anayelazimika kuona haya.

Fundi wa Eldoret akapigiwa simu. Akaagiza kama waagizavyo mafundi wote duniani: zima, subiri, washa. Keshia akazima kompyuta, akawasha. Akazima mashine ya risiti, akawasha. Kwa imani tu, akazima na mizani. Hatimaye tukasikia sauti ya fundi ikitoka kwenye spika ya simu: "Rauta ina taa?"

"Rauta ni gani?"

"Kisanduku cheusi, taa za kijani."

Kimya. Keshia akainama taratibu, na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika hakuinuka.

Intaneti iliporudi, malipo ya kogo yalionekana. Yalionekana mara mbili, kwa sababu wataalamu walewale walikuwa wamemshauri ajaribu tena. Alirudishiwa ziada taslimu hapohapo. Wewe usipopata keshia mwenye moyo kama huo, utume ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456, uombe urejeshewe, na usikawie.

Jumatatu fundi alikuja mwenyewe, nami nilikuwepo, kwa kuwa baada ya Jumamosi ile nilijihesabu mmoja wa wakurugenzi. Alianza na kipande cha karatasi ya gundi kwenye plagi: USICHOMOE. Rauta akaipa betri yake ndogo. Hutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo betri ya bei nafuu huivusha stima zinapopotea. Kubwa kuliko yote, alibadilisha programu. Sasa bei na mauzo hukaa kwenye kompyuta yenyewe, kisha mauzo hutumwa mtandao ukirudi, na mashine inaijua chumvi hata mvua ikinyesha. Simu ya tili ikaamriwa ikae kaunta, harambee iwe ya nani. Daftari la zamani likarudishwa chini ya droo, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba.

Mwenye duka, kwa kujigamba, akamwambia fundi kwamba yeye ana laini mbili za intaneti, za kampuni mbili, na analipia zote. Fundi akatoka nje, akatazama juu. Nyaya zote mbili zilipita kwenye nguzo moja. Akashauri laini ya pili iwe ya modemu yenye kadi ya simu, isiyotegemea nguzo. Mwenye duka akaona fundi anatafuta kazi ya ziada.

Haukupita muda, lori la mbao likageuka vibaya pale kona, likailaza nguzo. Laini zote mbili zikaenda pamoja, kama zilivyolipiwa pamoja. Siku hiyo, hata hivyo, tuliuziwa. Mashine ililia "pii" bila intaneti, keshia alisoma malipo kwenye simu ya tili, na mwenye duka alikwenda kununua modemu bila kumwangalia fundi usoni.

Ukipita njia ya Nyaru, ingia ununue. Beba noti ndogo ndogo, maana chenji bado ni tatizo na fundi hakuligusa. Na simu yako ikizima, omba soketi ya birika.