Barua ya Wazi kwa Mwalimu wa Zamu

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Bweni la Wavulana,
Njombe.
(Jina la shule tumelihifadhi. Bado tuna mwaka mzima wa kukaa hapa.)

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA ZAMU DARASANI



Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wazima wa afya, ukiondoa magoti ambayo bado yana changarawe za mstarini. Tunaandika kwa Kiswahili tukijua fika kwamba ni kosa, maana kibao cha getini kinatutaka tuzungumze Kiingereza tu. Lakini tumekuchunguza: hata wewe, ukikasirika kweli, Kiingereza unakiweka pembeni kwanza. Nasi jambo letu ni la namna hiyo.

Tuanze na pongezi. Wiki yako ya zamu huna mpinzani. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, katika baridi hii ya Julai ambayo maji ya ndoo yanauma kuliko fimbo, rimu ya lori inagongwa pale kwenye mparachichi, na kabla mlio haujakata umeshafika mlangoni mwa bweni na tochi yako. Wiki iliyopita mwenzetu alijitosa chini ya kitanda, akavuta tranka mbele yake, akapanga na ndala juu kwa usanii. Ulimulika mara moja tu, ukasema, "Toka na mwenzako." Sisi tunaolala naye chumba kimoja hatukujua kama yuko na mwenzake.

Ni wewe pia uliyenusa yai usiku wa prepo ukiwa nje, karibu na tangi la maji, ukaifuata harufu hadi kwenye pasi iliyopinduliwa juu chini kati ya vitabu viwili vya Jiografia. Yai lilikuwa limeiva upande mmoja. Tunaamini hata polisi wangekuhitaji.

Tatizo letu, Mwalimu, linaanza Jumatatu inayofuata, zamu ikishahamia kwa mwingine na wewe ukirudi kuwa mwalimu wetu wa Fizikia. Hapo ndipo tunapokupoteza.

Ratiba inasema Jumanne tuna vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Tunakaa. Tunanyamaza kwa dakika tano, kwa heshima. Hatimaye monita anakwenda ofisini, anarudi na daftari lako la notsi na ujumbe wa neno moja: "Nukuuni." Basi monita anaandika ubaoni, nasi tunanukuu mwandiko wa monita, makosa ya monita, na michoro ambayo monita mwenyewe haijui ni ya nini. Mwaka jana tulipofika kwenye kanuni ya pili ya Newton tukakuta panya ametangulia. Mpaka leo darasa zima linajua kwamba kani ni sawasawa na tungamo mara, halafu panya.

Vipindi vikiisha, daftari la mahudhurio ya walimu linakufuata ofisini, unasaini. Kwa maandishi, umetufundisha vizuri sana.

Tumekaa tukatafuta sababu, na hatudhani ni uvivu. Mtu mvivu hawezi kuvizia yai. Tunajua pia kwamba walimu wa sayansi mko wawili kwa shule nzima. Ila tumegundua kuwa zamu ina ripoti, ripoti inasomwa mstarini Ijumaa mbele ya Mkuu wa Shule, na aliyekamata wengi anapigiwa makofi ya kilo. Kanuni ya Newton haijawahi kupigiwa makofi na mtu.

Kwa hiyo tunaomba hivi: ingia darasani kama unavyoingia bwenini. Njoo kabla ya kengele, njoo na tochi hata kama ni mchana, mulika dawati kwa dawati. Humu ndani wamo watu waliojificha nyuma ya somo la Hisabati tangu Kidato cha Kwanza, na hakuna aliyewahi kuwaambia watoke na wenzao.

Baraza la Mitihani nalo haliangalii blanketi limetandikwaje. Linachukua masomo saba, linajumlisha pointi: 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 34 na 35 ni ziro. Hakuna swali la kutandika. Wala hakuna swali la kuchimba kisiki, ambalo tungelifaulu wote. Kile cha mkaratusi nyuma ya jiko kimechimbwa na sisi, na kaka zetu, na mjomba wa mmoja wetu aliyesoma hapa na sasa ana wajukuu. Kila mchelewaji anapewa jembe, na bado kipo palepale. Tunashuku kuna mtu anakifukia usiku ili adhabu zisiishe.

Kuhusu fimbo hatudai lolote. Tumesoma tu (wakati wa prepo ya Baiolojia, tusamehe) Waraka wa Elimu Namba 24 wa 2002, kwamba viboko visizidi 4 na kila mara viandikwe kitabuni. Kwa kitabu chetu kilivyo cheupe, shule hii haijawahi kumchapa mtoto wa mtu. Tunapendekeza ipewe tuzo ya taifa.

Ukikubali ombi letu, nasi tunaahidi kutoka kitandani kabla ya rimu, angalau siku za Fizikia. Pasi tutaitumia kwa mashati. Yai tutalichemsha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Kidato cha Tatu (majina yapo, ila nayo yamejificha nyuma ya matranka).

Nakala:
Mkuu wa Shule: kwa taarifa.
Mpishi: suala la maharage tutaliandikia barua yake.
Panya, kabati la notsi, ofisi ya walimu: kwa utekelezaji. Tunaomba mchapuko wetu.