Mwoga Apewe Kiti cha Mbele

Shujaa ameshasifiwa vya kutosha. Ana tenzi, ana sanamu, ana barabara zenye jina lake. Mwoga hana hata kichochoro. Wahenga walimpa heshima moja tu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na hiyo nayo watu huitaja huku wakimcheka. Mimi nimemaliza msimu wa mvua nikisoma riwaya za kutisha, na nimetoka humo nikiwa wakili wake. Katika riwaya hizo mwoga ndiye mwenye akili timamu kuliko wote, lakini hupewa kurasa mbili tatu kisha haonekani tena. Haonekani kwa sababu yuko kwake, amelala.

Mtazame mama wa nyumba ya wageni katika Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897. Hakusomea sheria, London haijui. Anachojua ni kwamba leo ni mkesha wa Mtakatifu George na kwamba safari ya mgeni wake kwenda ngomeni kwa Dracula haina kheri. Anampigia magoti Jonathan Harker, wakili kijana, amsihi asiende. Kijana ana kazi ya watu, lazima aende. Mama anavua rozari yake mwenyewe anamvisha shingoni. Siku chache baadaye Harker anajikata akinyoa ndevu, Dracula anaona damu, anamrukia koo, mkono unagusa shanga za ile rozari, na hasira inamtoka papo hapo. Elimu yote ya sheria isingefanya hivyo. Kurasa zote zinazofuata tunazisoma kwa hisani ya woga wa mama yule, na jina lake hatukutajiwa. (Kurasa zenyewe, nikisema kweli, zinachosha kidogo: sura nne za mwanzo ni dhahabu, kisha wanaume wanaingia kupeana mikono na kusifiana ujasiri.)

Mary Shelley aliwatendea haki zaidi waoga wake. Alianza Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18, ikachapishwa 1818, na mwishoni kabisa kuna meli iliyonaswa kwenye barafu ya kaskazini. Mabaharia wanamwendea nahodha: barafu ikiachia, turudi kwetu. Victor Frankenstein, hoi kitandani, anajiinua na kuwahutubia kuhusu uanaume, utukufu na aibu ya kurudi nyuma. Hotuba tamu. Wanaguswa, wanatazamana, wanakosa jibu. Na bado wanataka kurudi, na nahodha anakubali. Mhutubu anafia melini. Waliohutubiwa wanakwenda zao nyumbani. Mtu aliyeshona maiti na kuipa uhai, kisha akatoka mbio alipoona imefumbua macho, anawafundisha wenzake ushujaa! Angeogopa mapema kidogo tu, kabla ya kushika sindano, ndugu yake, rafiki yake na mkewe wangeishi.

Lakini malkia wa waoga wote ni Bi Dudley, mtunza nyumba katika The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya 1959. Chakula cha jioni anakiandaa saa kumi na mbili kamili, hapakui, hasubiri vyombo, na kabla giza halijaingia ameshaondoka kwenda kwake. Wageni anawaeleza waziwazi kwamba usiku hakuna atakayewasikia, kwa kuwa hakuna anayeishi karibu. Hana chuki wala vitisho; anasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wageni hao waliokuja kuichunguza nyumba wanamcheka, wanamwigiza. Milango inagongwa usiku, maandishi yanatokea ukutani, na Eleanor, mmoja wao, mpweke aliyetamani mahali pa kuitwa nyumbani, anaanza kuipenda nyumba inayommeza. Hii ndiyo riwaya bora niliyoisoma msimu huu, maana kitu chenyewe hakionyeshwi hata mara moja. Bi Dudley naye hakukiona. Hakuhitaji kukiona.

Stephen King nimemtazama kwa jicho jipya baada ya Pet Sematary. Aliiandika wakati familia yake ikiishi kando ya barabara ya malori huko Maine, ambako paka wa binti yake aligongwa akafa. Alipoimaliza, mwandishi huyu anayelipwa kwa kututisha sisi akaogopa kazi yake mwenyewe na kuitia kabatini. Ikatoka 1983 kwa sababu alidaiwa kitabu na wachapishaji. Daktari wa hadithi hii anaonywa na marehemu aliyemjia usiku, anaamka miguu imejaa udongo, naye anaendelea, hadi kumfukua mwanawe aliyekufa ili amrudishe. Mwoga angemzika mwanawe, akalia, na asimfuate tena.

Najua atatokea mtu na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, kuwa ushahidi dhidi yangu. Maiti imekutwa mzimuni, wengine wanatetemeka, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake haamini mizimu, anatafuta mtu. Woga, ataniambia, ndio ngao ya muuaji. Haya, nakubali. Ila Bwana Msa aliitwa maiti ikiwa imeshalala chini, na ujasiri wa namna hiyo hata mimi ninao.

Wewe unayetaka kuanza, anza na Hill House, asubuhi, watu wakiwamo nyumbani. Dracula isome hadi Harker atakapokuwa ametoroka ngomeni, kisha uamue. Pet Sematary, kama una mtoto mdogo, usiifungue kabisa. Na wakikuita mwoga, itikia.