Orodha Isiyozeeka: Mwongozo kwa Mwalimu Mpya wa Taaluma

Hongera, mwalimu mwenzangu, umeteuliwa kuwa mwalimu wa taaluma. Vipindi havikupungua, mshahara haukuongezeka, na juu ya hayo umekabidhiwa ule ubao wa matangazo nje ya ofisi, wenye karatasi kubwa iliyoandikwa TAHASUSI NA KOZI ZA CHUO KIKUU. Aliyekutangulia aliikuta, aliyemtangulia yeye aliichapa, na wewe unatarajiwa kuihuisha kila mwaka. Usitishike. Wapo waliostaafu kwa heshima zote, na sherehe ya kuagwa wakafanyiwa, bila kung'oa hata pini moja ya karatasi hiyo. Nifuate taratibu.

Kwanza, badilisha mwaka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni mapambo. Kata kipande cha karatasi nyeupe, andika mwaka mpya wa masomo kwa maka pen nyeusi, kibandike juu ya ule wa zamani. Tumia gundi. Selotepu hung'aa, na mthibiti ubora akisimama upande wa dirishani ataona kuna kitu chini yake. Mtu akishaona mwaka uko sawa, moyo wake hutulia na macho yake huhamia kwenye chai.

Pili, usiufungue mwongozo wa TCU. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa miongozo miwili ya udahili, mmoja wa waliomaliza kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada, na yote huwekwa mtandaoni bure. Hiyo bure isikuponze. Ukipakua utasoma, ukisoma utagundua, na ukigundua huwezi tena kusema hukujua. Halafu mambo yenyewe yamesongamana: kozi ya jina moja, chuo hiki kinataka Hisabati ya Juu, chuo cha jirani kinaridhika na BAM. Nani ana muda huo, na rundo la madaftari ya kidato cha pili linakusubiri? Ukiulizwa, jibu ni maneno mawili: "Tunasubiri waraka." Hakuna aliyewahi kuuliza waraka upi.

Tatu, na hapa nataka ukae vizuri, andika kozi zinazopendeza.

Mzazi anaposimama mbele ya ubao wako anatafuta neno moja tu, Udaktari. Mpe. Liandike kwenye PCB, kisha, kwa moyo wa ukarimu, liandike na kwenye CBG. Najua unachotaka kusema. Udaktari wa binadamu unataka principal pass tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D, na kwenye CBG hakuna Fizikia. Ni kweli, haipo. Hata herufi zenyewe zinasema. Lakini shule yako ina mwalimu wa Fizikia? Alihama muhula uliopita akamfuata mumewe. CBG ndiyo yenye madawati, na madawati lazima yajae. Mtoto mwenye ndoto ya koti jeupe ataketi miaka miwili akichora mikunjo ya ardhi na kukariri aina za mawe, akiamini kila mkunjo unamsogeza wodini.

Vivyo hivyo na EGM. Iandikie Uhandisi. Ina Hisabati ya Juu, si haba, na hiyo Fizikia iliyobaki tuseme ni suala la wahusika.

Akitokea mjuaji wa kukusahihisha, usibishane naye. Muulize kwa upole: "Udaktari upi unaouzungumzia?" Mwenye shahada ya uzamivu ya Jiografia naye huitwa daktari, na hiyo G iko pale pale mwishoni. Hapo karatasi yako haina kosa hata moja.

Nne, tahasusi mpya. Machi 2024 serikali ilitangaza nyongeza ya tahasusi 49 juu ya zile 16 zilizozoeleka, zikawa 65, zikiwamo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Wivu wako wa kitaaluma utakushawishi uandike zile tatu tu ambazo shule inafundisha. Usifanye hivyo. Ziandike zote 65. Watu hawasomi orodha, hupima urefu wake. Mzazi akiuliza Kichina kinafundishwa na nani, mwambie mwalimu yuko njiani. China ni mbali.

Tano, usiguse jedwali la pointi lililo chini kabisa ya karatasi.

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana halikuhitaji jitihada ya mtu yeyote. Jedwali lako lina B+. Liliwekwa kwa ajili ya wale waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015, ambao kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Mwaka 2016 tukarudishwa kwenye divisheni, B+ ikaenda zake, na sasa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kwa shahada ya kwanza kikabaki pointi 4 kutoka masomo mawili yanayohusika na kozi. Karatasi yako haikupata habari hizo.

Basi matokeo yanatoka Julai. Kijana wa HGL ana D ya Historia na D ya Jiografia. Anakuja ubaoni na simu mkononi, anajumlisha kwa jedwali lako: moja na moja, mbili. Anajumlisha tena, labda amekosea. Mbili. Anakunja shingo anaondoka. Dirisha la kwanza la udahili linafunguliwa, linafungwa, la pili nalo hivyo hivyo, na yeye yuko stendi na bodaboda ya mjomba wake, akiwa na pointi zake nne kamili mfukoni.

Uzuri wa kosa hili ni kwamba halirudi kukulalamikia. Wa CBG atarudi siku moja, akiwa na mama yake, na lazima ujiandae. Huyu wa D mbili atakupigia honi barabarani na kukwambia, "Shikamoo, Mwalimu! Panda, nakupeleka bure." Itikia marahaba. Panda.

Sita, lawama. TAMISEMI, NECTA, TCU, mtandao. Zungusha kwa zamu, usiichoshe taasisi moja.

Saba, mwanao mwenyewe.

Atafika kidato cha nne, hilo halikwepeki, na jioni moja atakuja na fomu ya selform akiuliza, "Baba, nijaze nini?" Usimpeleke ubaoni. Ngoja nyumba itulie, washa data, pakua ule mwongozo, kaa naye mezani. Anza na kozi anayoitaka, rudi nyuma mpaka masomo inayoyataka, kisha tafuta shule yenye walimu wa masomo hayo. Angalia vyuo vitatu au vinne, si kimoja, maana sifa hutofautiana. Piga mstari kwa kalamu nyekundu. Mwambie na hili, kwamba akishajaza, baada ya matokeo ya kidato cha nne hutolewa nafasi ya kubadilisha, asilale. Utashangaa mwenyewe jinsi kazi hiyo inavyokwisha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Kama uliichapa nakala ofisini, kwa wino wa shule, ifungie kabatini asubuhi kabla wenzako hawajafika. Na wao wana watoto, na ukiwaonyesha leo, kesho watataka uibandike ubaoni.