Ombi la Kumwelekeza Chura wa Kasoli Azingatie Ratiba

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu, TAMISEMI, na Maliasili na Utalii

YAH: ZIARA ZA MASOMO NA UTOVU WA NIDHAMU WA VIUMBE HAI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nawaandikia ninyi watatu kwa pamoja kwa sababu mtoto wa shule ya msingi wa Kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, ni wenu nyote: mtaala wake unatoka Elimu, shule yake iko TAMISEMI, na tembo anayekula mahindi ya baba yake ni wa Maliasili. Chura hana wizara, na pengine ndiyo maana hafuati ratiba ya mtu.

Somo la mzunguko wa maisha ya viumbe linataka mwanafunzi aone kwa macho, asiishie kukariri mchoro wa mishale minne ubaoni. Hilo hakuna anayelibishia. Ila ziara ya masomo, kwa jinsi tulivyoizoea, ni basi la kukodi, mchango wa mzazi na siku moja Serengeti. Mchango wa mzazi wa Simiyu husubiri pamba iuzwe, na pamba huanza kununuliwa mwezi Mei. Basi linapopata mafuta, madimbwi yamekauka na chura hayuko tena. Nyumbu nao, zaidi ya milioni moja, walishazaa kati ya Januari na Machi kwenye nyanda za majani mafupi za kusini, upande wa pili wa hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763 ukiingilia lango la Ndabaka. Ndama wa nyumbu husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Hamsubiri mhasibu wa shule. Naomba kwa hiyo utolewe waraka unaowataka nyumbu wazae Juni, na tembo wapunguze mimba yao kutoka miezi 22 hadi muda unaolingana na saa za dereva. Waraka ukishindikana, itabidi tukubali kwamba mzunguko ni jambo la muda, na ziara ya siku moja humwonyesha mtoto mnyama aliyesimama. Aliyechorwa ukutani naye amesimama, tena bila dizeli.

Wakati huohuo, mizunguko inakamilika mita mia chache kutoka darasani na hakuna anayeiandikia ripoti. Mvua za kwanza zikinyesha, kwenye dimbwi la njia ya ng'ombe huonekana mayai yenye kiini cheusi, yamezungukwa na ute kama mlenda. Siku chache baadaye ni viluwiluwi. Kisha miguu ya nyuma inachomoza, halafu ya mbele, na mkia unanywea kidogokidogo bila kukatwa na mtu. Shambani yuko funza wa vitumba, ambaye kwa Kiingereza amepachikwa jina la Marekani ilhali ni mwenyeji wa huku. Nondo hutaga usiku, yai mojamoja, dogo kama kichwa cha pini, juu ya majani machanga na vitumba. Funza akitoka hula wiki mbili au tatu, hushuka kujizika udongoni, na baada ya siku kumi na kitu huibuka nondo mwingine. Mkulima anayepulizia dawa funza akiwa ameshajichimbia ndani ya tunda la pamba anaogesha ganda. Hata agizo la kung'oa na kuchoma masalia ya pamba kila mwisho wa msimu ni somo hilohilo: mdudu akose pa kulala hadi msimu ujao. Watoto wa Kasoli wanauona moshi ule kila mwaka. Nani aliwaambia kwamba ule ni mtaala unaowaka?

Najua mtajibu kwamba mtoto wa kijijini chura anamjua. Anamjua, ndiyo, kama anavyomjua jirani asiyesalimiana naye. Funza anayemwona mchana na nondo anayezunguka taa usiku kwake ni wageni wawili tofauti, na hakuna mchoro wa mishale uliowahi kuwakutanisha. Mtasema pia Serengeti ni urithi, na Mwalimu Nyerere alitamka Arusha, Septemba 1961, kwamba tutawatunzia vizazi vijavyo urithi huo. Sawa kabisa, mtoto anayeishi jirani na hifadhi na hajawahi kuiona amedhulumiwa. Basi apelekwe kama mrithi anayekwenda kukagua mali yake, na safari iitwe utalii wa ndani, isijazwe kwenye fomu kama mzunguko wa maisha. Isitoshe, tembo wenyewe huja kwetu bila kibali wala mchango, na mahudhurio yao yanaridhisha.

Hoja yenye uzito ni ya hatari: madimbwi yana kichocho. Kweli, Kanda ya Ziwa haitanii kwa hilo. Lakini kichocho nacho ni mzunguko wa maisha, na katika yote huu ndio unaomhusu mtoto mwilini mwake: yai huingia majini, kijidudu kikaingia kwa konokono, kikatoka baada ya wiki kadhaa kutafuta ngozi ya mtu. Watoto wanagawiwa vidonge vyake shuleni. Mwalimu avae mabuti, achote maji kwa ndoo, watoto wachungulie kutoka nje. Dimbwi litakuwa limefundisha mara mbili kwa siku moja.

Kwa hayo, naomba kila shule ya kata hii ipewe ndoo tatu zenye vifuniko vya chandarua, daftari moja la kuchora, na saa moja kila Ijumaa tangu mvua ya kwanza hadi shule zifungwe Desemba. Na kama basi ni lazima liende, liende Februari, likalale huko, na mchango ulipwe na wenye nyumbu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipa kodi

Nakala: Chura, Dimbwi la njia ya ng'ombe, Kasoli – kwa taarifa, akiamka.