Nilinunua Difu kwa Ajili ya Mama Mkwe

Gari langu ni Corolla DX ya mwaka 1982. Lina umri mkubwa kuliko nusu ya walimu wenzangu, na linaheshimiwa kidogo kuliko wao. Nimelivumilia mengi: mlango unaofunguka kwa ndani tu, honi inayolia likikata kona ya kushoto, heta isiyozimika hapa Tanga mwezi wa pili. Lakini mwaka huu difu ilianza kulia. Si kilio cha kwikwi. Ni sauti moja nyembamba, ndefu, kama mbu aliyeingia chandarua. Nikifika 60, inaanza. Nikiinua mguu kwenye mafuta, inanyamaza. Nikikanyaga tena, inaendelea palepale ilipoachia.

Fundi akaingia uvunguni, akatoka na kidole cheusi. "Mwalimu, sili ya pinioni ilishakufa zamani. Oili umeimwaga yote barabarani. Meno yamekulana. Tafuta difu nyingine."

Nikadhani difu hununuliwa kama mkate: unasema unataka, unapewa, unalipa, unaondoka ukilalamikia bei. Nikaenda kwa muuza spea. Alikuwa amekalia injini ya Hiace, anakunywa kahawa. Hakuniuliza gari gani wala mwaka gani. Aliuliza, "Unataka ya ngapi kwa ngapi?"

Nikarudi kwa fundi kuulizia maana ya swali.

Kwa ambao hawajawahi kulala chini ya magari yao, somo lenyewe ni hili. Nguvu hutoka kwenye giaboksi, hupita kwenye propela shafti na kuishia ndani ya difu, kwenye gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huzungusha gia kubwa, krauni, na krauni ndiyo inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma. Ukihesabu meno umejua tabia ya gari. Difu yangu ya zamani ilikuwa 43 kwa 11. Gawanya, unapata 3.9: propela izunguke karibu mara nne ndipo tairi lizunguke mara moja. Ya 41 kwa 9 inatoa 4.56. Namba ikiwa kubwa, gari linavuta lakini halikimbii. Ikiwa ndogo, linakimbia lakini mlimani linakuaibisha.

Nikamwuliza kwa nini wasitengeneze ya 40 kwa 10, hesabu ikae sawa, mtu asisumbuke na kikokotoo. Fundi alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeandika kwamba Kilimanjaro ni ziwa.

"Mwalimu, ukiweka 40 kwa 10, kila jino la pinioni litakutana na meno manne yaleyale mpaka kiama. Likiwa na kasoro, wataumia walewale. Ukiweka namba zisizogawanyika pamoja, kila jino litasalimiana na kila jino, yachakae kwa usawa."

Nikanyamaza. Kumbe ndani ya difu mna ujirani mwema kuliko mtaani kwetu.

Sasa, kosa langu lilikuwa kutaka ushauri. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, aliniambia nichukue namba kubwa kuliko zote zilizopo, kwa sababu gari ni kuvuta, mengine ni mapambo. Mpwa wangu, anayekwenda Dar kila Ijumaa na kurudi Jumapili usiku, aliniambia nitafute namba ndogo, "Mjomba, ile barabara imenyooka, injini itapumua." Mwalimu wa hisabati alinipigia hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani. Kwa tairi zangu za inchi 13, gari likienda kilomita 100 kwa saa kila tairi huzunguka karibu mara 890 kwa dakika. Gari langu lina gia nne, na ya nne haipunguzi wala haiongezi kitu. Kwa hiyo difu ya zamani inataka injini izunguke karibu mara 3,500 kwa dakika, na hii ya 41 kwa 9 inataka mara 4,070. "Hiyo tofauti," akasema, "utaisikia masikioni, halafu mfukoni." Yeye anapanda baiskeli.

Kila mmoja alikuwa anachagua difu ya safari zake mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza mimi naenda wapi. Nami sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa na kidonda cha siri.

Ukweni kwangu ni Lushoto. Kutoka Mombo kwenda juu hazizidi kilomita 35, lakini barabara inajikunja ubavuni mwa mlima kama utumbo. Idd iliyopita nilipanda na mama watoto, watoto watatu, gunia la mchele na jogoo. Kufika kona za juu nikawa gia ya kwanza, klachi inanuka, na jogoo peke yake ndiye aliyekuwa na sauti ndani ya gari. Tukapitwa na pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua kabichi. Juu ya bodi alisimama shemeji yangu mdogo. Alinipungia mkono. Tulipofika, ukoo mzima ulikuwa barazani na habari ilikuwa imeshasimuliwa mara mbili. Mama mkwe alinipa chai, akasema kwa upole, "Pole, baba. Gari nalo huzeeka." Ule upole ndio uliouma.

Kwa hiyo nikanunua ya 41 kwa 9.

Muuza spea alikuwa nayo, imekatwa kwenye gari la mizigo, na ekseli yake nzima. Fundi hakumwamini. Akaufunga upande mmoja usizunguke, akatia alama ya chaki kwenye shingo ya pinioni, akauzungusha upande wa pili mara mbili kamili, mimi nikiwa wa kuhesabu chaki. Ikapita mara nne na nusu, na kidogo.

"Na kidogo?" nikauliza.

"Hicho kidogo ndicho unacholipia."

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Kwenye matuta ya mjini gari lilikuwa linaondoka kama limechomwa sindano. Barabara ya Segera ndiyo iliyonichanganya. Injini ilikuwa inapiga kelele mpaka tukaongea kwa ishara, lakini spidomita ilisoma 110! Gari langu halikuwahi kufika 110 likiwa na mtu ndani. Nikamwonyesha mama watoto. Akatazama simu yake. "Simu inasema 94."

Nikasema simu za siku hizi ni feki. Fundi akanisahihisha kesho yake: kwenye gari langu, waya wa spidomita unatoka kwenye giaboksi, kwa hiyo hauna habari kwamba difu imebadilishwa. Bado unahesabu kwa ile iliyokufa. Nikienda 100, dashibodi inanisifia 117. Mbaya zaidi, hata kilomita inazihesabu hivyohivyo. Mwezi mzima nilikuwa natamba ofisini kwamba difu yangu haijaongeza ulaji wa mafuta, kumbe nilikuwa nagawanya mafuta ya kweli kwa kilomita za uongo. Mwalimu wa hisabati alicheka mpaka akashika meza.

Ikafika Idd. Safari hii nilivaa kanzu mpya kabisa. Pale Mombo nikasimama, nikakagua maji, nikatazama mlima kama bondia anayemtazama mwenzake wakati wa kupima uzito. Tukaanza. Gia ya tatu, kona ya kwanza. Gia ya tatu, kona ya pili! Watoto wakashangilia. Kona ya tatu tukakuta lori la saruji.

Lilikuwa linapanda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo, mbele kona juu ya kona. Hakuna pa kupita. Nikarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Nyuma yangu ikaja pikapu ya kabichi, nayo ikatulia. Nyuma yake Coaster, nyuma yake bodaboda. Wote tulikuwa sawa: wa 41 kwa 9, wa 43 kwa 11 na wasiojua difu ni nini. Kwa mwendo ule, hata ile iliyokuwa inalia ingenifikisha.

Njia nzima nilikuwa na muda wa kupiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga mwanzo. Lushoto nakwenda mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote naenda shuleni, kilomita sita, njia tambarare, na gia ya nne siifikii.

Tulifika adhuhuri imepita. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Leo mmechelewa kuliko ile Idd, baba," akasema kwa upole uleule. "Si nilisikia umelitengeneza?"

Nikataka kumweleza habari za lori. Mama watoto akaniwahi: "Mama, spidomita yake ilikuwa inasoma 20."

Kumbe tulikuwa 17.